Mpango wa Nje na Mpango wa Ndani

Jumatatu, 3 Julai 1995

Shule imefunguliwa, na vumbi limefunguliwa pamoja nayo. Nimeamua kuandika humu, kwenye kurasa zilizobaki za daftari la Baiolojia la mwaka jana, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeiba daftari la Baiolojia la mwaka jana. Katikati ya kurasa nimeweka mbegu ya pamba. Siku nikifungua nikaikosa, nitajua kuna mkono uliopita.

Mwalimu Specioza, anayetufundisha Kiswahili hapa kidato cha tatu, ametangaza shindano la insha. Kuna shirika la kanisa litakalomlipia msichana mmoja wa shule yetu mpaka amalize kidato cha sita. Atapatikana kwa insha, na insha zitakazofika mwisho zitasomwa mbele ya wazazi mwezi wa tisa. Baba alishaniambia kwamba mwaka huu ndio mwisho wa uwezo wake, labda pamba iseme vingine. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anafunga uzi wa gunia, hata hakuniangalia. Basi insha hii ni yangu. Nikiikosa, mwakani nitakuwa napalilia.

Mada: kitu kimoja kilichobadilika kwetu tangu soko la pamba liachwe huria.

Jumatano, 5 Julai

Mwalimu amechora ubaoni njia anayotaka tuipite. Kwanza mpango, mifupa mitupu, bila sentensi hata moja iliyokamilika. Halafu rasimu ya kwanza kwa penseli, unaandika mstari, unaruka mstari, na pambizo pana upande wa kushoto. Kisha unampa mwenzako uliyepangiwa. Huyo haruhusiwi kusahihisha wala kusifu, anaandika maswali tu kwenye pambizo. Maswali unayajibu kwa kuandika rasimu ya pili. Baada ya hapo insha inalazwa kabatini kwake wiki nzima ipoe, ndipo unaandika nakala safi. Vyote vinakabidhiwa pamoja, tangu mifupa.

"Macho yako yanasoma ulichokusudia kuandika," alisema. "Ya mwenzako yanasoma ulichoandika."

Maneno matamu. Lakini tangu lini mtu akamwonyesha mshindani wake silaha kabla ya siku?

Na nimepangwa na nani? Na Nancy Ngeleja. Amekuja muhula huu kutoka Maswa. Baba yake ni wakala wa ile kampuni mpya inayonunua pamba kwenye gulio letu, yule anayevaa kofia ya kitambaa na kuketi kivulini kando ya mizani. Nancy ana viatu vya ngozi na kalamu za rangi tatu. Ijumaa iliyopita nilimwona Mwalimu Specioza akishuka kwenye pikapu ya Ngeleja. Sisemi kitu. Naandika tu.

Alhamisi, 6 Julai

Mbegu ipo.

Jumamosi, 8 Julai

Pamba imejaa chumba chetu mpaka dirishani, mimi na wadogo zangu tunalala juu yake. Inawasha, lakini ni laini.

Mjomba Mayige amekuja kumsaidia mama kuchambua. Mjomba ni manju, mtunzi wa nyimbo wa kundi la ngoma la Wagika, na mwezi huu watashindana na kundi la Wagalu, uwanja mmoja, wakati mmoja, na anayevuta watu wengi kwake ndiye mshindi. Nyimbo zake anazitunga akichunga. Hazimtoki mpaka siku yenyewe, kwa sababu Wagalu wakiusikia wimbo mapema watatunga wa kuujibu, na umekwisha. Nilimuuliza je, wakimtuma mtu aje asikilize kichakani?

"Huyo ninamwimbia wimbo wa nje, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Naimba kwa sauti kubwa kabisa aubebe, akawape wenzake. Wa ndani nabaki nao mwenyewe."

Mama alisema kaka yake ana maringo tu, nani amtumie mpelelezi. Mimi sikucheka. Nimepata mpango wangu.

Jumatatu, 10 Julai

Nina mipango miwili. Wa ndani nimeuandika kwa uangalifu wote: "Mchango wa Soko Huria katika Maendeleo ya Mkulima." Utangulizi, faida, hasara, mapendekezo, hitimisho. Ni insha ya mtu mzima. Huo anauona Mwalimu peke yake, siku ya kukabidhi.

Wa nje ni wa Nancy. Nimeuandika wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya tofali, bila kufikiri: "Siku ya Kuuza Pamba Nyumbani Kwetu." Mama anavyochambua, bibi anavyolalamika kifua, jinsi tunavyolala juu ya pamba, na jioni ya kuamkia kuuza, baba anavyoitandaza uani ili ipumue. Mambo ya watoto wa shule ya msingi. Aibe tu.

Jumatano, 12 Julai

Upepo. Hakuna kingine.

Ijumaa, 14 Julai

Tumebadilishana rasimu. Nancy amenirudishia yangu, ile ya nje, na pambizo imejaa. Nilitegemea matusi au mistari miwili ya uvivu. Badala yake: "Bibi analalamika kifua tangu lini? Zamani chama cha msingi kiliponunua, pamba haikulala ndani?" Na: "Mnalala juu yake wangapi? Akigeuka mmoja nini kinatokea?" Na chini kabisa, mbele ya sentensi ya baba na uani: "Kwa nini ilale nje siku ya kuamkia kuuza tu? Siku nyingine haipumui?"

Hilo la mwisho nimelisoma mara nyingi.

Kwetu kila mtu anajua kwa nini pamba inalala nje. Inakunywa umande. Asubuhi inafungwa mapema kabla ya jua, na inakuwa nzito. Wote wanafanya, kwa sababu mizani ya wanunuzi nayo inasemwa. Baba hajawahi kuuita wizi. Anauita kusawazisha. Na mimi, kwa mkono wangu, nimemwandikia binti wa wakala.

Nilimwuliza kwa nini ameuliza hilo. Akasema, "Nimeuliza tu. Si tumeambiwa tuulize?" Akakunja soksi zake.

Jumapili, 16 Julai

Ngoma. Sikwenda, nimeshinda nyumbani na mpango wa ndani. Hitimisho limekaa vizuri, lina "hatimaye" na "kwa kuhitimisha". Mama na wadogo zangu wamerudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wanasema Mjomba amewanyang'anya Wagalu watu wote, hata wafanyabiashara wa gulioni waliacha meza zao wakamfuata, kwa wimbo mpya ambao watu waliurudia mpaka sauti zikakauka. Sikuuliza ni wimbo gani. Nilikuwa natafuta neno lingine la "maendeleo".

Jumanne, 18 Julai

Mbegu haipo!

Jumanne hiyo hiyo, jioni

Mbegu nimeikuta kwenye pindo la sketi. Huenda ilidondoka nilipofungua mwenyewe. Huenda.

Jumamosi, 22 Julai

Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kulainisha.

Tulikwenda gulioni asubuhi, baba, mama na mimi, na mkokoteni wa jirani. Foleni ilikuwa ndefu. Wakulima wanasimama nyuma ya kamba, wanunuzi wako mbele yake kivulini, na Nancy alikuwa ameketi kando ya baba yake, akimsomea namba za mizani. Alinipungia mkono. Nikampungia, kwa sababu ya watu.

Zamu yetu ilipofika, Ngeleja hakupima. Alinyanyuka, akakunja shati, akaingiza mkono ndani ya gunia la kwanza mpaka kwapani. Akavuta pamba ya katikati, akaiweka shavuni, akafumba macho.

"Mzee Shigela," akasema, "hii imelala nje."

Baba akasema pamba yote ya mwaka huu ina unyevu. Ngeleja hakubishana. Akaagiza magunia yamwagwe juu ya turubai, mbele ya watu wote, yakauke. Yalipomwagwa, mchanga ukasikika ukidondoka. Mchanga sikuujua. Nilimtazama baba na yeye akatazama maksai wa mtu mwingine. Tulikaa pale mpaka jua likapinda, na mwisho pamba yetu yote ikaandikwa fifi, daraja la takataka. Baba alipokea alichopewa bila kukihesabu, yeye anayehesabu hata viazi.

Karibu na nyumbani baba akasema, bila kunitazama, kwamba insha ile niishike vizuri, maana yeye sasa hana cha kushika.

Imelala nje. Ni maneno ya Nancy, karibu neno kwa neno, kutoka kwenye pambizo yangu. Kutoka kwa penseli yake hadi kwenye mkono wa baba yake. Mwalimu Specioza na pikapu. Kila kitu kimekaa mahali pake. Nina hasira hadi meno yananiuma.

Jumatatu, 24 Julai

Nancy alisema pole. Nikamwuliza pole ya nini. Akasema ya Jumamosi, na kwamba baba yake siku hizi anaingiza mkono kwenye magunia ya kila mtu. Nikasema asante. Mama alinifundisha kushukuru.

Jumatano, 26 Julai

Leo ilikuwa zamu yangu kuandika maswali kwenye rasimu ya Nancy. Nilikuwa nimeikalia kwa karibu wiki mbili, nikijifanya sina nafasi.

Imeandikwa vizuri, sitasema uongo humu. Inahusu mizani. Zamani, anasema, mkulima aliacha pamba kwenye chama akarudi nyumbani kusubiri, asijue kilichopimwa. Sasa wanunuzi wako wengi na kila mmoja anapima hadharani. Na hapo ndipo ameegemeza insha yote: "Leo mkulima anaisoma mizani kwa macho yake mwenyewe, kwa hiyo hawezi kupunjwa."

Nilisoma sentensi hiyo nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

Uso wa mizani ya Ngeleja unatazama kivulini. Mkulima nyuma ya kamba anaona mgongo wa chuma na kutu. Kila mtu wa Bariadi anajua, hata watoto wanaouza karanga pale. Nancy peke yake hajui, kwa sababu kila Jumamosi anaketi upande ambao mizani inatazama. Yeye anazisoma namba, akadhani kila mtu anazisoma. Swali moja tu lingetosha: mkulima anasimama wapi?

Nimeandika: "Nzuri. Endelea."

Maneno hayo hata hayaruhusiwi, ni sifa. Nimeyaandika kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi, 27 Julai

Nancy amefurahi. Amesema aliogopa nitaona makosa mengi kwa kuwa mimi mwenyeji.

Jumatatu, 31 Julai

Siwezi kuacha rasimu ya nje. Kanuni inataka maswali yajibiwe, na kwa kuwa siri imeshamwagwa juu ya turubai, sina cha kuficha tena. Nimejibu kwa hasira. Nimeandika bibi alianza kukohoa msimu uliopita, wanunuzi wapya walipochelewa na pamba ikakaa ndani miezi. Nimeandika mmoja wetu akigeuka wote tunateleza hadi mlangoni. Nimeandika umande. Nimeandika baba anavyotoka uani kabla ya jogoo, miguu mitupu, anaikanyaga pamba kujua imeshiba kiasi gani. Nilidhani ukurasa mmoja utatosha. Kalamu ilikwenda mpaka mama akaniita mara tatu.

Ijumaa, 4 Agosti

Nancy amenirudishia na maswali mengine. Sijui anatafuta nini zaidi, tumeshauza fifi. "Baba yako akiikanyaga anasema nini?" "Angekuwa na hakika na mizani, angeilaza nje?" Na la mwisho: "Umande peke yake?"

La mwisho nimelifuta kwa ufutio. Mengine nimeyajibu.

Jumanne, 8 Agosti

Leo ni sikukuu ya wakulima. Wakulima wamelala.

Alhamisi, 10 Agosti

Mwalimu Specioza ameniita ofisini. Nilikuwa nimempelekea mpango wa ndani na insha yake yote, "Mchango wa Soko Huria," nikamwomba aiangalie kwa siri. Alisoma kurasa mbili akaiweka juu ya meza, akaweka na kikombe juu yake.

"Milembe, hii ni risala ya kumpokea mkuu wa wilaya. Inakosa tu kwaya." Akachukua mkononi mwangu ile nyingine, ya Nancy na mimi, yenye pambizo nyeusi kwa penseli. "Na hii nani ameandika?"

Nikasema mimi, lakini hiyo ni ya mazoezi.

"Basi uende ukafanye mazoezi hayo mpaka mwisho. Mazoezi yako yana watu ndani yake."

Nilitoka nimekasirika, halafu njiani nikakasirika tena kwa sababu nilijua amesema kweli. Mpango wa ndani niliupanga kila kitu isipokuwa kitu cha kusema. Bado sijui alikuwa anatafuta nini kwenye pikapu.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimekabidhi ya nje. Zote zimelazwa kabatini, yangu na ya Nancy, moja juu ya nyingine. Kabati lina kufuli dogo ambalo hata mbuzi angelifungua.

Jumatano, 16 Agosti

Mwalimu alisema mwenyewe kwamba kabla ya pikapu za kampuni alikuwa anatembea kutoka barabara kuu hadi shuleni. Hakuna aliyemuuliza. Labda macho yangu yalikuwa yanauliza.

Jumanne, 22 Agosti

Nimeandika nakala safi. Sikubadili mengi. Nancy naye kaandika yake darasani, ulimi nje kidogo kama anayepitisha uzi kwenye sindano. Sentensi ya mizani ameiacha, ameipigia mstari kwa rula. Nimetazama dirishani.

Jumatano, 30 Agosti

Tumefika mwisho wasichana watatu. Mimi, Nancy, na Eufrasia wa kidato cha pili. Tutasoma Jumamosi.

Alhamisi, 31 Agosti

Nimetoka kuusikia, na sijui niandike vipi.

Mjomba alikuja kumwona bibi. Wadogo zangu wakamwomba aimbe ule wimbo wa ngoma, ule uliowashinda Wagalu. Akaanza kugonga goti na kuimba, wao wakiitikia, na mimi nilikuwa nasonga ugali. Sikuwa nasikiliza. Halafu nikasikia. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi: Ngeleja mwenye kofia, karibu gulioni kwetu, pamba yetu imelala nje, imekunywa umande wa bure, nawe ununue kwa uzito, Mungu alinyunyiza, Shigela akafunga, wewe ukalipa.

Mwiko ukanidondoka chini.

Nikamwuliza aliuimba wapi. Akasema uwanjani, wapi tena. Ngeleja alikuwepo? Alikuwepo, mstari wa mbele, akacheka mpaka akavua kofia. Na jina la baba? "Shemeji yangu si mtu? Nimemsifu." Wimbo wa watu wa Bariadi wote, umeimbwa kwa ngoma mbili na filimbi, siku sita kabla ya mkono ule kuingia kwenye gunia letu. Mtu ambaye hawezi kumwimbia ng'ombe wimbo wa kesho, siku yenyewe ilipofika alimwimbia mnunuzi siri ya nyumba yetu, na akadhani amemshinda.

Baba alikuwa mlangoni. Alijua tangu siku ile ile ya gulioni. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungefanya nini, mayu, binti yangu? Ungemshitaki mjomba wako?"

Nancy hakusema neno kwa baba yake. Hakuwa na haja. Nimemtia hatiani kwa maneno mawili ambayo kila mtu alikuwa anayaimba.

Ijumaa, 1 Septemba

Nilikwenda kwao baada ya shule. Wanaishi nyuma ya maghala ya kampuni. Nilipanga njiani: nitamwambia habari ya mizani, kisha atamwomba Mwalimu abadilishe sentensi. Mipango yangu ni hodari sana njiani.

Nancy alinipokea kama dada. Akanipa chai na kiazi. Alikuwa amepiga pasi sare ya kesho, na akaniambia baba yake naye atakuja, amefurahi mno kwamba insha ni ya mizani, amesema hajawahi kuandikwa na mtu.

Nikaanza, "Nancy, ile sentensi yako..."

"Ile ya macho yake mwenyewe? Ndiyo ninayoipenda kuliko zote," akasema. "Nilitaka kuifuta, nikaona wewe hukuiuliza. Nikasema, kama Milembe ameipita, basi ni kweli."

Ningesema, ningelazimika kusema pia kwa nini sikuuliza. Nilikunywa chai. Niliaga. Ni mimi huyo.

Jumamosi, 2 Septemba

Wazazi walikuwa wengi, walikaa chini ya turubai, labda ni lile lile la pamba. Ngeleja alikaa mbele, kofia mapajani. Baba na Mjomba nyuma kabisa.

Eufrasia alisoma kwanza, habari za baiskeli ya baba yake, watu wakapiga makofi. Nancy akafuata. Sauti yake ni nzuri, haina haraka. Watu walitikisa vichwa aliposema habari za chama cha zamani. Kisha akafika: "Leo mkulima anaisoma mizani kwa macho yake mwenyewe, kwa hiyo hawezi kupunjwa." Akapumzika, kama tulivyofundishwa kupumzika penye sentensi kubwa.

Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, kwa upole kabisa, kama anavyouliza mtu njia:

"Binti, uso wa mizani unatazama wapi?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mbuzi waliofunguliwa. Si cha ubaya, na ndiyo maana hakikuisha upesi. Hata walimu. Ngeleja aliitazama kofia yake, akaigeuza, akaitazama ndani. Nancy alitazama karatasi, akamtazama baba yake, kisha nikaona ameelewa. Niliona kabisa dakika aliyoelewa. Akasoma mpaka mwisho, kila neno, kwa sauti ile ile, watu hawamsikilizi tena.

Mimi nilisoma wa mwisho. Walicheka nilipotaka wacheke, tunapoteleza hadi mlangoni. Kwenye umande walianza kutazamana, halafu nilipofika pale baba anapoikanyaga pamba na kusema, "Na wao waugeuze uso wa mizani, nami nitalala," walisimama. Maneno hayo baba aliyasema kweli. Nisingeyaandika kamwe kama Nancy asingeuliza baba akiikanyaga anasema nini. Nilisema mbele ya watu kwamba maswali yote ya insha hii ni ya Nancy Ngeleja. Wakapiga makofi, wakadhani ni adabu.

Nafasi nimepewa mimi.

Nilimkuta Nancy nyuma ya darasa akifungasha kalamu zake. Hakuwa analia. Angekuwa analia ingekuwa rahisi kwangu.

"Uliliona kosa?" akauliza.

"Niliona."

"Lini?"

"Siku ya kwanza niliposoma."

Nikamwambia yote, pambizo, gunia, wimbo wa Mjomba, kila kitu, haraka haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama anavyosikiliza siku zote. Kisha akasema, "Ungeniuliza. Hata hilo la baba yangu ungeniuliza tu." Akachukua begi akaenda kwa baba yake, wakaondoka kwa miguu, pikapu wakaiacha.

Nyumbani baba alichinja jogoo. Alikula, kisha akasema insha ilikuwa nzuri ila nimesahau mchanga. Mama akamwambia anyamaze. Sikuwa nimesahau.

Jumamosi, 9 Septemba

Gulioni pamba ni kidogo sasa. Ngeleja ameugeuza uso wa mizani, unatazama kwenye kamba. Wazee wanasogea karibu, wanakunja macho, hata wasiojua kusoma. Nancy hakuwepo.

Jumatatu, 25 Septemba

Magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti kutwa nzima. Upepo umegeuka, unatoka upande wa ziwani. Dawati la Nancy liko wazi. Mwalimu amesema msimu umekwisha na kampuni imemrudisha baba yake Maswa. Nimemwandikia. Nimempa barua utingo wa lori la pamba.

Jumanne, 10 Oktoba

Hakuna jibu. Labda utingo hakuifikisha. Nimeandika hivyo kisha nikajiona. Labda aliifikisha.

Jumapili, 15 Oktoba

Mvua ya kwanza, mchana, nzito. Chumba chetu kitupu sasa, tunalala chini kwenye mkeka, na bibi hakohoi. Baba ameshatoka na jembe kabla hata haijakatika.

Mwalimu ametupa insha mpya: mtu ninayemwamini. Nimechora pambizo pana, nimeandika rasimu ya kwanza kwa penseli, mstari nikaruka mstari. Eufrasia alisema yuko tayari kunisomea, nikasema nitampa kesho. Kwanza nilitaka kujiuliza mwenyewe, kama Nancy. Nimejaza pambizo yote, tangu juu mpaka chini. Halafu nimeyasoma maswali yangu, na hakuna hata moja ambalo sikuwa najua jibu lake tayari.